Wasaa Usio na Mpaka: Mwenye Shughuli Nyingi na Lengo Lake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, kila mmoja wetu ana jambo moja analolibeba moyoni na ambalo hajalifanya. Mwalimu anayesomesha asubuhi na kufundisha tuisheni jioni anataka kuimaliza juzuu aliyoianza kuihifadhi tangu ujana. Mama anayeamka alfajiri kukanda unga wa maandazi anataka kujua kusoma na kuandika Kiarabu. Kijana anayeendesha bodaboda anataka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mzee aliyestaafu anataka kuandika nasaba ya ukoo wake kabla wanaoijua hawajaisha. Ukiwauliza wote hawa kwa nini hawajafanya, jibu ni moja: "Sijapata wakati. Nikipata nafasi nitaanza."

Sisi wenyewe si wageni katika jibu hilo. Kitabu cha nahau cha Al-Ajurrumiyya, ambacho ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni, tulikianza mara tatu na mara tatu tukakiacha, na kila mara sababu ilikuwa kazi. Kwa hiyo makala haya hatuyaandiki kwa kumlaumu mtu. Tunataka kutazama jambo hili kwa macho ya elimu ya usuli-fiqhi, kisha kwa maisha ya mtu mmoja katika historia yetu ambaye shughuli zilimzidi na bado kazi yake ikatimia.

WAKATI WA WASAA NA WAKATI WA DHIKI

Maulamaa wa usuli wameugawa wajibu, kwa upande wa wakati wake, mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wajibu wenye wakati wa dhiki (mudhayyaq). Huu ni ule ambao wakati wake unatosha kitendo hicho tu bila ya ziada, kama saumu ya Ramadhani. Mchana wa Ramadhani wote ni wa saumu, haubakishi nafasi ya kufunga saumu nyingine ndani yake. Fungu la pili ni wajibu wenye wakati wa wasaa (muwassaa), nao ni ule ambao wakati wake ni mpana kuliko kitendo chenyewe. Mfano wake ni Swala ya Adhuhuri. Rakaa nne zinachukua dakika chache, na wakati wake ni wa saa kadhaa. Mwenye kuswali mwanzoni, katikati au mwishoni, wote wameswali ndani ya wakati.

Hapa maulamaa wakauliza suala zito: Je, mtu anayechelewesha katika wakati wa wasaa anaruhusiwa kuchelewesha hivi hivi tu? Wengi wao wakajibu kwamba hapana budi awe na azma, yaani aazimie moyoni kwamba atalitenda jambo hilo kabla wakati haujatoka. Imam Ghazali amelieleza suala hili kwa urefu katika Al-Mustasfa. Wakasema pia kwamba mtu akiwa na dhana yenye nguvu kuwa hatafika mwisho wa wakati, kama aliyehukumiwa kuuawa katikati ya Adhuhuri, basi wasaa wake umekwisha na wakati umegeuka wa dhiki kwake yeye.

Kisha likaja suala la Hija. Je, mwenye uwezo ni lazima ahiji mara moja (alal-fauri), au anaweza kuakhirisha (alat-tarakhi)? Maulamaa wengi wamesema ni mara moja. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu wa Afrika Mashariki, amesema kuna wasaa. Lakini tazama namna wanavyuoni wa Kishafi walivyoufunga mlango wa uzembe. Wamesema, kwa kauli iliyo sahihi zaidi kwao, kwamba mtu akifa katikati ya wakati wa Adhuhuri hali ya kuwa ameazimia kuswali, hana dhambi. Ama mwenye uwezo wa Hija akiakhirisha mpaka akafa, amekufa hali ya kuwa ni mwenye kuasi, ijapokuwa kuakhirisha kwenyewe kuliruhusiwa.

Kwa nini wawili hawa wakatofautiana hukumu? Kwa sababu mwisho wa Adhuhuri unajulikana. Kivuli kinaonekana na mwadhini anasikika. Ama mwisho wa Hija ni mwisho wa umri, na hakuna aujuaye. Aliyepewa wakati wenye mpaka ana haki ya kuutumia mpaka mpakani. Aliyepewa wakati usio na mpaka unaojulikana, kila siku anayoiakhirisha anaiakhirisha kwa dhamana yake mwenyewe.

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alishike. Lengo la nafsi, kama kujifunza lugha, kuhifadhi, kuandika au kusoma, kwa kawaida si wajibu kama Hija. Lakini wakati wake ni kama wakati wa Hija na si kama wakati wa Adhuhuri. Kazi ya mwajiri ina saa yake, ada ya skuli ya watoto ina tarehe yake, mgonjwa hangoji. Mambo hayo yote ni ya wakati wa dhiki, nayo humeza kila lililo la wasaa. Kwa hiyo lengo halifi kwa kukosa muda tu. Linakufa kwa sababu ndilo pekee lisilo na mpaka.

DENI LA BIBI AISHA

Tuna mfano mzuri katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akidaiwa siku za Ramadhani na hakuwa akiweza kuzilipa isipokuwa katika mwezi wa Shaabani. Sababu iliyotajwa katika mapokezi hayo ni kushughulika kwake na Mtume (S.A.W.). Maulamaa wakachukua hapa dalili ya kuwa kadhaa ya Ramadhani ina wasaa wa takriban mwaka mzima, na kwamba wasaa huo unakomea Ramadhani nyingine inapoingia. Anayeuvuka mpaka huo bila ya udhuru, jamhuri ya maulamaa wamemtaka alipe na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku pamoja na kulipa. Mahanafi wamesema atalipa tu bila ya kibaba.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kuwa na shughuli ni udhuru unaokubalika. Bibi Aisha hakulaumiwa kwa kuchelewa. Pili, shughuli zilimchelewesha mpaka Shaabani lakini hazikumvusha. Alikuwa na mpaka anaoujua, na mpaka ulipokaribia deni lililipwa. Lengo lako, ewe ndugu, Shaabani yake ni ipi?

KADHI WA CORDOBA

Tuje sasa katika historia. Abul-Walid Muhammad bin Ahmad bin Rushd alizaliwa Cordoba, Andalusia, mwaka 520 H. (1126). Babu yake, aliyekuwa na jina hilo hilo, alikuwa Kadhi Mkuu wa Cordoba, na baba yake pia alikuwa kadhi. Naye mwaka 565 H. (1169) akawa kadhi wa Seville, na baada ya miaka miwili akarudi Cordoba kuwa kadhi huko. Mwaka 578 H. (1182) akaitwa Marrakesh kuwa tabibu wa Khalifa Abu Yaqub Yusuf, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Cordoba. Kukata kesi za watu, kumtibu mtawala, na kusafiri baina ya Andalusia na Maghrib: hayo ndiyo maisha yaliyokuwa mbele yake.

Pamoja na hayo aliandika Bidayatul-Mujtahid, ambacho mpaka leo kinasomeshwa kwa wenye kutaka kujua sababu za hitilafu za mafakihi. Aliandika Al-Kulliyyat katika utabibu, na akavisherehesha vitabu vya Aristotle kwa namna iliyosomwa na Waislamu, Mayahudi na Wakristo kwa karne nyingi. Mwanahistoria Ibnul-Abbar amesema kuwa alijaza kurasa zinazokaribia 10,000. Je, wakati huo aliutoa wapi?

Jambo la kwanza ni kwamba hakungoja hali iwe nzuri. Mwaka ule ule wa 565 H., akiwa kadhi mpya Seville, alikamilisha sherehe ya kitabu cha Aristotle kuhusu viungo vya wanyama. Ndani yake anaomba radhi kwa makosa yanayoweza kuonekana, kwa kuwa ameshughulishwa na mambo ya wakati ule na yuko mbali na vitabu vyake vilivyobaki Cordoba. Mtu mwingine angesema, "Nitaandika nikirudi nyumbani." Yeye aliandika kwa alichonacho, akakiri upungufu, akaendelea.

Jambo la pili ni kwamba alianza kwa kidogo. Sherehe zake ni za daraja tatu: fupi, za kati na ndefu. Zile fupi ndizo alizozitanguliza kwa jumla, nazo ni mukhtasari wa maana. Ndefu, zinazofuata matini neno kwa neno, aliziandika kwa vitabu vitano tu, na zilikuja baadaye. Lau angeanza na ndefu, huenda asingefika popote.

Jambo la tatu ni kwamba hakutaka kufanya kila kitu peke yake. Alipoandika Al-Kulliyyat alishughulika na misingi ya utabibu. Ama matibabu ya maradhi mojamoja, alimwomba mwenzake Abu Marwan bin Zuhr ayaandikie kitabu, ili viwili hivyo kwa pamoja viwe kitu kamili. Ndiyo asili ya kitabu cha At-Taysir.

Jambo la nne ndilo la ajabu zaidi. Bidayatul-Mujtahid kilipoandikwa hakikuwa na Kitabu cha Hija. Mwandishi alikuwa ameazimia kutokiweka. Kisha akabadilisha rai, na ikatajwa mwishoni mwa kitabu hicho kuwa alikimaliza katika Jumadal-Ula mwaka 584 H. (1188), baada ya zaidi ya miaka 20 tangu kuandikwa sehemu nyingine. Wakati huo alikuwa amekwisha fika umri wa miaka 60 na ushei. Na miongoni mwa masuala ya mwanzo anayoyajadili humo ni lile lile tulilolitaja: Je, Hija ni ya mara moja au ni ya wasaa?

Miaka saba baadaye, mwaka 1195, alikumbwa na mtihani. Alishitakiwa kwa ajili ya falsafa yake, akapelekwa uhamishoni katika mji mdogo wa Lucena, na vitabu vyake vikachomwa. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 595 H. (1198). Lau Kitabu cha Hija angekiacha kingoje siku ya faragha, faragha hiyo ingemjia uhamishoni, na Bidayatul-Mujtahid kingebaki na pengo.

Kuna pia upande wa pili wa kisa hiki. Abdul-Wahid al-Marrakushi anasimulia kuwa aliyemtaka Ibn Rushd avieleze vitabu vya Aristotle ni Ibn Tufayl, tabibu wa Khalifa aliyemtangulia. Khalifa alikuwa amelalamikia ugumu wa vitabu hivyo. Ibn Tufayl aliona kuwa mwenyewe haiwezi kazi hiyo kwa sababu umri umekwenda na utumishi wa serikali umemshughulisha, akamkabidhi mdogo wake. Huyu naye alikuwa mwanachuoni mkubwa, wala si mvivu. Alijua kwamba wakati wake wa kazi hiyo umekwisha, akairithisha. Hii nayo ni busara. Baadhi ya malengo, ukiona mpaka umekupita, umpe mwanao au mwanafunzi wako, usizikwe nayo.

HAKI ZA WENGINE ZISIVUNJWE

Ibnul-Abbar anasimulia pia kwamba Ibn Rushd, tangu alipopata akili, hakuacha kusoma isipokuwa usiku aliofariki baba yake na usiku wa harusi yake. Habari hii tunaitaja kwa kuistaajabia. Hatuitaji ili iigwe, kwa sababu sheria imeweka mizani.

Abdillah bin Amr bin Al-As (R.A.) alipokuwa kijana alifunga kila siku na kuswali usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimrudisha katika wastani na kumkumbusha kuwa mwili wake, macho yake na mkewe wana haki juu yake. Abdillah akaomba azidishiwe, akazidishiwa mpaka kiwango cha saumu ya Nabii Daud. Alipozeeka alitamani lau angelikubali ile ruhusa ya mwanzo. Na Salman (R.A.) alipomkuta mke wa Abud-Dardaa amejiachia kwa kuwa mumewe hana habari na dunia, alimfahamisha ndugu yake huyo kwamba kila mwenye haki apewe haki yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Habari hizi zimo katika Bukhari.

Kwa hiyo, wakati wa lengo lako usiuchukue katika haki ya mtu mwingine. Hapa tutaje mambo mawili ambayo watu huyasahau.

La kwanza ni ajira. Mafakihi wamemgawa mwajiriwa mafungu mawili. Yupo ajiri wa watu wote, kama fundi cherehani, anayelipwa kwa kazi. Na yupo ajiri makhsusi, kama karani au mlinzi, anayelipwa kwa muda. Wa kwanza anadaiwa nguo iliyoshonwa. Wa pili anadaiwa muda wenyewe, isipokuwa wa Swala za faradhi na haja za lazima. Karani anayehifadhi juzuu yake saa nne asubuhi huku watu wamepanga foleni dirishani, anahifadhi kwa muda wa watu.

La pili ni nyumba. Mume anayesema "nipate saa moja ya kusoma" mara nyingi saa hiyo anaipata kwa sababu mkewe anapika, anaosha na kulaza watoto. Je, saa ya mke iko wapi? Ibn Rushd mwenyewe, katika sherehe yake ya kitabu cha Plato juu ya utawala, ambayo imetufikia kwa tafsiri ya Kiebrania tu, alisikitika kwamba wanawake wa miji ya zama zake waliwekewa kuzaa na kulea peke yake, hata vipawa vyao visijulikane. Maneno haya aliyaandika kadhi zaidi ya miaka 800 iliyopita. Mwenye kuitaka saa yake na atoe saa mfano wake.

NAMNA YA KUANZA

Kutokana na yaliyotangulia tunapendekeza hatua tano.

1. Chagua lengo moja. Mwenye malengo matano hana hata moja. Manne mengine yaache yangoje kwa azma.

2. Liwekee mpaka unaoujua. Usiseme "mwaka huu inshaallah". Sema "kabla ya Ramadhani kuingia", umwambie mtu mmoja atakayekuuliza. Kwa njia hii umeutoa wasaa wa Hija ukaupeleka kwenye wasaa wa Adhuhuri.

3. Lifunge na kitu kilichokwisha thibiti katika siku yako. Muislamu ana nguzo tano katika siku zisizohama, nazo ni Swala. Masheikh wetu wa pwani hawakuifanya baina ya Magharibi na Isha kuwa wakati wa darsa bure. Watu wamekwisha kusanyika, na muda una mwanzo na mwisho. Anayesoma kurasa nne baada ya kila Swala ya faradhi amesoma kurasa 20 kwa siku, nazo ni takriban juzuu moja, na kila mwezi anahitimu.

4. Kiwe kidogo, lakini kidumu. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Piga hesabu: msahafu wa Madina una kurasa 604. Anayehifadhi ukurasa mmoja kwa siku anamaliza kwa mwaka mmoja na miezi minane. Anayehifadhi nusu ukurasa anamaliza kwa miaka mitatu na kiasi cha miezi minne. Wangapi kati yetu wamengoja nafasi kwa zaidi ya miaka mitatu?

5. Kilichopita kilipwe, kisiachwe. Wengi huacha lengo kwa sababu ya siku mbili tu walizokosa. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa aliyelala akapitwa na uradi wake wa usiku, kisha akausoma baina ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kana kwamba ameusoma usiku. Hii iko katika Muslim. Naye mwenyewe akizuiwa na usingizi au maumivu kuswali usiku, aliswali mchana rakaa 12. Kupitwa ni jambo la kibinadamu, na ndiyo sababu ya kuwekwa mlango wa kadhaa.

MFANO WA KARIBU

Asije mtu akasema kuwa haya ni ya Andalusia. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912, alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa skuli, kisha kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qurani Takatifu kwa Kiswahili haikuandikwa na mtu aliyejifungia asiye na kazi. Ilitoka kwanza kwa sehemu sehemu Zanzibar katika miaka ya 1950, na ikakamilika kuchapwa Nairobi mwaka 1969. Alifariki Oman mwaka 1982. Kila aliyepata kufahamu aya kwa lugha yake mwenyewe kupitia kitabu hicho, ananufaika na vipande vya wakati alivyovikusanya mwalimu mmoja baada ya kazi.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, kuchelewa si dhambi ya kila mtu, na shughuli ni udhuru. Bibi Aisha alichelewa, na Kitabu cha Hija kilikuja baada ya miaka 20. Lakini wote wawili walilipa kabla mlango haujafungwa. Ama sisi tuliokianza kitabu cha nahau mara tatu, tumekianza mara ya nne, mistari michache baada ya Alfajiri, na tumejiwekea mpaka wetu mwisho wa Shaabani. Tunamwomba kila anayesoma naye ataje wake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.